Shangingi Limepimwa Wapi? Tusikubali "Si Unaliona Lilivyo" Kuwa Jibu



Kuna sentensi nimeichoka: "Lile gari ni salama." Kila shangingi jipya likionekana mitaa ya kwetu, kila msafara ukipita Nachingwea kwenda Ruangwa, lazima utaisikia. Chawa wanaisema. Watumishi wanaisema. Na tuambiane ukweli, hata watu wetu wanaisema, wakiwa wamesimama pembeni ya barabara na vumbi limewajaa usoni. Ukiuliza ni salama kwa kipimo gani, jibu ni moja tu: "Si unaliona lilivyo?"

Mimi ni binti wa Nachingwea, nasoma sheria. Kitu cha mwanzo kabisa unachofundishwa kwenye somo la ushahidi ni kwamba anayedai ndiye anayethibitisha. "Si unaliona" sio ushahidi. Gari limenunuliwa kwa kodi, na aliyelinunua anatuambia lilihitajika kwa usalama na kwa mazingira magumu ya kazi. Basi mzigo wa kuthibitisha uko kwake. Hauko kwa mama anayeuza mihogo pale stendi.

Hoja yangu leo ni moja. Gari la umma lisiitwe salama mpaka aliyelinunua aonyeshe kipimo, na kipimo hicho kimhesabu pia mtu aliye nje ya gari. Hoja hii haihusu wivu. Inahusu roho za watu: dereva, mlinzi, mheshimiwa mwenyewe, abiria wa Noah anayekuja upande wa pili, na mtoto anayetoka shule kwa miguu.

KIPIMO NI NINI HASA

Usalama wa gari kwenye ajali unajulikana kwa njia moja ya uhakika: kuligongesha. Kuna taasisi zinafanya kazi hiyo. Ulaya wana Euro NCAP, Australia na New Zealand wana ANCAP, Japan wana JNCAP, Marekani wana shirika la serikali, NHTSA, na taasisi ya kampuni za bima, IIHS. Wanachukua gari zima, wanaweka ndani midoli yenye vihisio kila mahali, kichwani, kifuani, magotini, kisha wanaligongesha kwa mwendo uliopangwa. Baada ya hapo wanasoma: kifua kilibanwa kiasi gani? Usukani ulirudi nyuma? Mlango ulifunguka? Nyota zinatoka hapo.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawalijui. Magari ya bei mbaya sana mara nyingi ndiyo yanayokosa kipimo. Sababu ni ya kawaida tu. Jaribio linaharibu gari zaidi ya moja, na wapimaji wana bajeti, kwa hiyo wanaanza na magari yanayonunuliwa na watu wengi. Gari la kifahari linalouzwa kidogo linaweza kukaa sokoni miaka bila nyota hata moja, wakati kagari ka mwalimu kameshagongeshwa na kupewa alama. Bei inakununulia ngozi kwenye siti, friji na skrini kubwa. Kipimo haikununulii.

Niwe mkweli hapa, maana tutajibiwa. Gari kutopimwa hakumaanishi ni bovu. Inawezekana ni zuri sana. Lakini kukosa taarifa hakugeuki kuwa sifa. Mtu asiye na cheti cha kuhitimu huwezi kumwita mjinga, ila huwezi pia kumwita daktari ukamkabidhi kisu cha upasuaji.

MNYONGE MNYONGENI, HAKI YAKE MPENI

Tuchukue gari linalotajwa zaidi, Land Cruiser toleo la 300, ambalo Toyota walilizindua 2021. Mtaani bado tunaliita "V-eiti" kwa mazoea, wakati toleo hili halina tena injini ya V8, lina V6. Hilo peke yake liwe onyo: tunasifia tusichokijua.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Land Cruiser 300 limepimwa na ANCAP kule Australia na likapata nyota tano. Ni alama ya juu kabisa, na sitaki mtu yeyote wa upande wetu aseme uongo kwamba halijawahi kupimwa.

Lakini swali la kisheria linaanzia hapo hapo. Nyota zile zilitolewa kwa gari gani? Zilitolewa kwa magari yaliyokuwa yanauzwa Australia na New Zealand, yenye vifaa vya soko lile. Toyota, kama kampuni nyingine zote, huuza gari lenye jina moja kwa madaraja na masoko tofauti. Idadi ya eabegi inaweza kutofautiana. Mfumo wa kamera na rada unaofunga breki wenyewe unaweza kuwepo kwenye daraja moja na usiwepo kwenye lingine. Jina kwenye boneti linabaki lile lile.

Mfano mzuri uko ndani ya ukoo huo huo. Mwaka 2016 ANCAP waliipa nyota tano Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ile ya kazi ngumu. Watu wakashangilia. Ukisoma vizuri, nyota zile zilikuwa za pikapu ya singo kabini tu, ambayo Toyota walikuwa wameiboresha. Dabo kabini na zile ndefu zenye mgongo hazikuhusishwa. Sasa jiulizeni, gari la wagonjwa linalombeba mama mjamzito kutoka kijijini kwenda hospitali ya wilaya ni la aina gani? Mara nyingi ni ile ndefu yenye mgongo. Nyota za singo kabini hazimfuati mama huyo kitandani.

Kwa hiyo mtu akikwambia "limepimwa, lina nyota tano", muulize: toleo lipi, mwaka upi, na la kwetu linafanana na lile kwa kifaa gani na kifaa gani? Akishindwa kujibu, hana ushahidi. Ana tetesi.

AFRIKA TUNAUZIWA TOFAUTI, NA IMESHAONYESHWA

Kuna watakaosema nazusha, eti kampuni kubwa haiwezi kutuuzia kitu pungufu. Basi twende kwenye kumbukumbu.

Tangu 2017, shirika la Global NCAP kwa kushirikiana na chama cha wenye magari cha Afrika Kusini wamekuwa wakigongesha magari yanayouzwa barani kwetu. Mwaka 2018 walipima pikapu ya Nissan NP300 Hardbody. Ikapata nyota sifuri. Mwaka 2020 pikapu nyingine, Great Wall Steed 5, nayo ikapata sifuri.

Kisha Global NCAP wakafanya kitu ambacho kila kijana wa Kiafrika anapaswa kukijua. Walichukua Nissan mpya ya soko la Afrika na Nissan iliyotumika ya soko la Ulaya, toleo la 2015, wakazigonganisha uso kwa uso. Matokeo: dereva wa gari jipya la Afrika angeweza kupoteza maisha, na dereva wa gari kuukuu la Ulaya angeweza kushuka akatembea. Jina la kampuni ni moja.

Sijasema Land Cruiser ni Nissan. Nasema kanuni imeshathibitishwa: jina la kampuni halibebi usalama kuvuka bahari. Kinachobeba usalama ni fremu, mikanda, eabegi na vipimo vya gari lile lile lililoshushwa bandarini Dar es Salaam. Na Afrika Mashariki hatuna maabara yetu ya kugongesha magari kwa ajili ya kumpa mnunuzi nyota, ingawa tuna wanunuzi wa mabilioni, na mnunuzi mkubwa kuliko wote ni serikali.

"SI LIMEKAGULIWA?"

Hapa ndipo wengi wanachanganya. Gari linaloingia nchini hukaguliwa chini ya taratibu za TBS. Barabarani trafiki naye anakagua. Ukaguzi huo ni muhimu, siubezi. Lakini unajibu swali jingine. Unauliza: breki zinashika? Taa zinawaka? Matairi yana kashata? Usukani haulegei? Yaani, je, gari hili leo linafaa kutembea barabarani?

Jaribio la kugongesha linauliza: breki zikishindwa, au mwenzako akikuhamia upande wako, utabaki mzima? Ni maswali mawili tofauti, na stika ya ukaguzi haijibu la pili.

Na tazameni upendeleo uliopo. Dereva wa Noah anayetoka Nachingwea kwenda Ruangwa anasimamishwa mara kadhaa: pembetatu iko wapi, kizima moto kiko wapi, leseni, bima. Sawa kabisa, asimamishwe. Mimi nimepanda hizo Noah tangu nikiwa na sare ya shule. Tunakaa wanne siti ya watatu, kifunga mkanda kimezama chini ya foronya za siti, na nyuma mtu amepakata debe la ufuta. Hata sheria haimfikirii huyo abiria. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2018 iliweka wazi kwamba sheria yetu ya mkanda inawagusa watu wa siti za mbele, na kwamba hatuna sheria ya siti maalumu za watoto. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya 1973.

Ripoti hiyo hiyo ilikadiria kuwa mwaka 2016 Tanzania ilipoteza zaidi ya watu 16,000 kwa ajali za barabarani, wakati takwimu rasmi zilionyesha watu 3,256. Soma tena hizo namba mbili. Nchi ambayo hesabu ya wafu wake ina pengo la namna hiyo haina haki ya kusema "si unaliona lilivyo".

UZITO WAKO NI KIFO CHA NANI

Hoja ya kijiweni ni kwamba gari zito ndilo salama. Kuna ukweli nusu ndani yake. Gari zito likigongana na jepesi, walio kwenye zito mara nyingi wana nafuu. Lakini nafuu hiyo inatoka wapi? Inatoka kwa wa upande wa pili. Land Cruiser 300 lina tani mbili na nusu hivi. Noah ina tani moja na nusu hivi. Bodaboda haifiki kilo 150, na mwenye bodaboda bampa lake ni kifua chake. Ukisema "gari langu ni salama kwa sababu ni zito", unachosema kwa lugha nyingine ni kwamba umehamishia ajali kwa mwenzako.

Sasa ongeza bampa la chuma lililofungwa mbele. Wapimaji wa ANCAP na Euro NCAP huangalia pia mtembea kwa miguu: boneti na bampa vinamfanya nini mtoto akigongwa. Gari lililopewa alama halikuwa na chuma cha ziada mbele. Ukifunga chuma, unamwongezea hatari aliye nje, na unaweza kuvuruga hata namna gari lenyewe lilivyoundwa kujikunja ili kumeza mshindo. Hapo zile nyota za Australia umezing'oa kwa spana.

Halafu mwendo. Jaribio maarufu la mbele la Global NCAP hufanyika kwa kilomita 64 kwa saa. Nguvu ya mgongano haipandi sawa na mwendo, inapanda kwa mraba wake. Ukienda kilomita 128 kwa saa, mwendo umeongezeka mara mbili lakini nguvu imeongezeka mara nne. Hakuna nyota iliyopimwa kwa mwendo huo. Kwenye makazi ya watu sheria inasema 50. Mabasi na magari mazito mwisho wao ni 80. Msafara unaopita katikati ya kijiji kwa mwendo wa kukimbizana umetoka nje ya sheria na nje ya kila jaribio lililowahi kufanywa.

Watu wa Ruangwa na Nachingwea wanajua misafara. Kwa miaka kumi, 2015 hadi 2025, mbunge wa Ruangwa ndiye alikuwa Waziri Mkuu wa nchi hii, Kassim Majaliwa. Simlaumu mtu kwa kurudi kwao. Nasema tu kwamba tumeyaona mashangingi kwa karibu kuliko wilaya nyingi, na bado swali la usalama wa aliye pembeni ya barabara halijawa ajenda.

MHESHIMIWA WA SITI YA NYUMA

Tumtetee na mheshimiwa mwenyewe kidogo, maana haki haina itikadi.

Majaribio ya nyota hufanywa midoli ikiwa imefungwa mikanda. Yote. Ukikaa siti ya nyuma bila mkanda, na simu mbili mkononi, nyota tano hazikuhusu. Gari likisimama ghafla wewe unaendelea na safari kwa mwendo ule ule, na kinachokusimamisha ni mgongo wa siti ya dereva. Kwa maana hiyo unaweza kumuua dereva wako ambaye mkanda wake alikuwa ameufunga vizuri.

Nchi hii ina kidonda kwenye jambo hili. Aprili 12, 1984, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alikuwa anatoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Maeneo ya Dakawa, Morogoro, Mercedes-Benz aliyokuwemo iligongana na Land Cruiser iliyokuwa inatoka upande wa pili. Tulimpoteza. Cheo hakikumkinga, wala jina la gari halikumkinga. Leo hospitali ya rufaa ya mkoa wetu wa Lindi inaitwa Sokoine, na majeruhi wa barabarani wa mkoa huu wanapelekwa humo. Na Aprili 2025 tukampoteza Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO, Gissima Nyamo-Hanga, kwa ajali ya gari kule Bunda. Yeye na dereva wake. Hawa walikuwa watu, wana familia. Kumuuliza mnunuzi wa magari ya serikali kuhusu kipimo ni kuwatetea hao pia.

NACHINGWEA TULISHAFUNDISHWA

Makamanda wa Nachingwea hili mnalijua kuliko mtu yeyote. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya Uingereza ilikuja na mradi wa karanga: Kongwa, Urambo na kwetu Nachingwea. Walileta mitambo ya kutisha. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Wakajenga bandari Mtwara na reli ya kuja Nachingwea. Aliyeyaona yale machuma alisema mradi hauwezi kushindwa, si unayaona yalivyo?

Mvua na udongo havikupimwa vya kutosha kabla ya kutia pesa. Mradi ulianza 1947, na Januari 1951 serikali yao ikatangaza kuuacha. Hasara ilikuwa takriban pauni milioni 36 za wakati ule. Reli yenyewe iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya sitini.

Chuma kilitangulia, kipimo kikafuata, na kilipofika kilikuta pesa zimeshakwenda. Miaka zaidi ya sabini baadaye, wilaya ile ile, tunanunua chuma kwa macho.

TUPIME VIPI GARI LISILO NA DATA?

Hili ni swali halali, na mwenye nia njema anaweza kulijibu. Kama gari halina jaribio linalolihusu, kuna maswali ambayo mnunuzi makini anauliza kabla ya kusaini:

Moja, lina cheti kwamba limetimiza kanuni za Umoja wa Mataifa za mgongano wa mbele na wa ubavuni? Hizo ni kiwango cha chini kabisa, sio sifa.

Mbili, lina eabegi ngapi, na ziko wapi? Za mbele tu, au na za pembeni hadi siti za nyuma?

Tatu, lina mfumo wa kompyuta unaozuia gari kuserereka? Gari refu kwenda juu hupinduka kirahisi kuliko gari la chini, na barabara zetu za changarawe sio za mchezo. Mfumo huu ni wa lazima kwenye magari mapya Ulaya na Marekani.

Nne, kila siti ina mkanda wa pointi tatu na kizuizi cha kichwa, hata ya katikati nyuma?

Tano, baada ya kulinunua tumelifunga nini: chuma mbele, mzigo juu, siti za ziada? Kila ulichoongeza kimelipeleka mbali na gari lililopimwa.

Sita, likimgonga mtembea kwa miguu, linamfanya nini?

Gari likijibu yote sita vizuri, nitakuwa wa kwanza kusema lina dalili nzuri. Dalili nzuri. Salama nitasema siku likipimwa.

MAJIBU YAO, NA YETU

Watasema: barabara za kusini ni mbovu, tunahitaji magari magumu. Kweli barabara ni mbovu. Mei 2024 kimbunga Hidaya na mvua zake vilikata barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi, tukawa kama tuko kisiwani. Lakini ugumu wa kuvuka tope na usalama wa kugongana ni vitu viwili. Trekta linavuka tope. Hakuna anayempeleka mtoto shule kwa trekta akasema ndio usalama. Na kama barabara ndiyo sababu, basi wa kwanza kupewa gari lililopimwa awe mgonjwa.

Watasema: hizo ni siri za usalama wa taifa. Hapana. Njia ya msafara inaweza kuwa siri. Namna gari lilivyozuiwa risasi inaweza kuwa siri. Idadi ya eabegi iko kwenye kitabu cha gari kinachokaa kwenye droo ya dashibodi. Mficha uchi hazai.

Watasema: gharama. Vizuri, hapo tunakutana. Juni 2022 Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, mwenyewe alisimama Bungeni kuzungumzia mzigo wa magari ya serikali na kupendekeza maafisa wakopeshwe magari yao. Mitaani mjadala ukawa mafuta na spea. Mimi nasema tuongeze swali la tatu: usalama. Magari ya umma yananunuliwa kwa pamoja kupitia Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini, GPSA. Mnunuzi mwenye oda kubwa namna hiyo ana sauti. Anaweza kuandika kwenye zabuni: bila taarifa ya jaribio la toleo hili hili, usilete. Haigharimu senti kuandika sentensi hiyo. Na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inadai thamani ya fedha. Thamani gani inapatikana kwenye kitu ambacho hujui kitafanya nini siku unapokihitaji zaidi?

Na jibu jingine ni la kwetu wenyewe. Wapo wa upande wetu ambao siku wakipata ubunge au udiwani, ndoto ya kwanza ni shangingi, na picha mtandaoni wameegemea boneti. Huyo naye aulizwe maswali yale yale sita. Tusijenge chama cha kusubiri zamu ya kupuliza vumbi.

CHA KUFANYA WIKI HII

Sitaki tumalize kwa hasira, hasira hazijibiwi kwa maandishi. Katiba, ibara ya 18, inatupa haki ya kutafuta na kupokea taarifa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi kutoka taasisi ya umma, nayo taasisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Ikikataa, itoe sababu kwa maandishi. Hiyo silaha tunayo, na ni halali.

Mkulima wa korosho wa Ruangwa na Nachingwea anakatwa kila kilo inapouzwa kwenye mnada wa RUNALI. Ana haki ya kujua hata kidogo kinachokwenda kwenye gari kimenunua nini. Basi nakili barua hii, weka jina na anwani yako, peleka masijala, na uhakikishe nakala yako inagongwa muhuri wa kupokelewa:

"Kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya. YAH: MAOMBI YA TAARIFA CHINI YA SHERIA YA HAKI YA KUPATA TAARIFA, 2016. Mimi ni raia na mkazi wa wilaya hii. Naomba kupatiwa: (1) orodha ya magari ya halmashauri, yakiwemo ya wagonjwa, kwa aina, toleo na mwaka, (2) kwa kila gari, idadi ya eabegi, uwepo wa mfumo wa kuzuia kuserereka, na idadi ya siti zenye mikanda, (3) taarifa yoyote ya jaribio la kugongesha iliyozingatiwa wakati wa ununuzi, (4) orodha ya vifaa vilivyoongezwa kwenye magari hayo baada ya kununuliwa. Natarajia majibu ndani ya muda wa kisheria."

Usitukane, usiongeze chumvi. Ukiweza, nendeni wawili watatu, kila mtu na barua yake. Wa Nachingwea wapeleke Nachingwea, wa Ruangwa wapeleke Ruangwa, na wa Liwale msikae kando. Wakitujibu, tutachapisha majibu yao kama yalivyo, mazuri na mabaya. Wakikaa kimya, kimya chao nacho kina tarehe na muhuri.

Tunaanza kuhesabu siku unapogongewa muhuri. Tukutane siku ya 31.